Zabibu za Babu Zilipokunywa Maji

Zabibu zikikaribia kuvunwa, shamba hunukia kabla hujaliona. Ni harufu nzito na tamu, yenye uchachu kidogo kwa chini, ya vichala vilivyopigwa jua la Dodoma kutwa nzima na vingine vichache vilivyodondoka vikaanza kuchacha chini. Ichanganye na harufu ya vumbi, maana mwezi wa tisa kwetu upepo haupiti mikono mitupu, unabeba vumbi, majani makavu na mifuko ya plastiki ya watu wote. Mimi hadi leo nikipita mbele ya meza za zabibu sokoni naongeza mwendo. Wanaonijua hudhani nina haraka, na kwa kweli mimi ni mtu wa haraka, lakini hapo sina pa kuwahi. Harufu ile hunirudisha kwenye likizo moja nilipokuwa na miaka kumi, likizo ambayo sisi sote, wakubwa kwa wadogo, hatukuweza kukaa mahali pamoja tukatulia.

Kila shule zilipofungwa mwezi wa tisa, baba, ambaye alikuwa karani katika ofisi moja mjini, aliomba ruhusa ya siku chache, akaazima pikapu ya rafiki yake, akatupakia mimi, mama na mdogo wangu Meshaki pamoja na magodoro mawili na dumu la mafuta ya kula, tukaenda kwa babu. Babu, baba yake baba, aliishi ng'ambo ya Ihumwa, upande inakopita reli, kwenye nyumba ya tembe aliyoiongezea vyumba viwili vya bati. Nyuma ya nyumba alikuwa na eka moja ya mizabibu. Watu wa mikoa mingine wakisikia eka moja hucheka. Waje wapande wao. Mzabibu hautaki mvivu: shimo lake huchimbwa hadi kufikia kiuno cha mtu mzima, hujazwa samadi, husimikiwa nguzo, huvutiwa waya, kisha kila msimu hupogolewa kwa mkono unaojua jicho lipi la kubakiza na lipi la kukata. Babu alifanya yote hayo tangu baba hajaanza shule. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye maneno machache na masikio makubwa ambayo sote tumeyarithi, na alipotembea kati ya mistari ya mizabibu yake aligusa kila nguzo kwa kiganja, moja baada ya nyingine, hata kama mlikuwa mnazungumza mambo mengine kabisa.

Kazi yetu watoto ilikuwa kuwinga ndege. Tulipewa makopo matupu yenye kokoto ndani, tukawa tunazunguka shambani tangu asubuhi tukiyatikisa na kupiga kelele, maana ndege wa nyanda zile wanaijua siku ya zabibu kuiva kuliko mwenye shamba. Saa sita mama alituletea ugali wa uwele na mlenda, tukala haraka na kurudi. Jioni tuliogeshwa kwa maji kidogo ya kwenye beseni, Meshaki kwanza kisha mimi, kwa hiyo maji yangu siku zote yalikuwa ya rangi ya chai. Nililalamika kila siku, na kila siku mama alinijibu kuwa anayetaka maji mapya arudi nyumbani kwetu mjini, Nkuhungu, kwa miguu. Kwa kawaida nilizipenda siku hizo. Mtoto asiyeweza kukaa kimya, ambaye mwalimu wake alimhamisha dawati mara tatu kwa muhula, alikuwa amepata mahali ambapo kelele ni kazi na anasifiwa kwayo.

Mwaka ule tulipofika tulikuta vigingi. Vilikuwa vipande vya nondo vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani, vimechomekwa kwenye kona za shamba, na kimoja katikati kabisa, kati ya mstari wa nne na wa tano. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyewaleta wapimaji. Mji ulikuwa umeanza kusogea kuelekea huku, watu walikuwa wanauliza viwanja, na baba mkubwa alikuwa amekwisha kuona kichwani mwake nyumba nne za kupangisha mahali pa mizabibu. Baba alikuwa upande wake, ila kwa sauti ya chini. Jioni ya kwanza tu walikaa uani na babu, wakamweleza kwamba umri umekwenda, kwamba shamba linamchosha, kwamba angeng'oa mizabibu aje apumzike mjini kwetu. Babu aliwasikiliza mpaka wakaishiwa. Kisha akasema neno ambalo nililisikia vizuri kwa sababu nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango wa jiko: "Nipeni mavuno haya. Kijana wa kiwanda cha mvinyo anakuja kupima zabibu. Akizikataa, ng'oeni. Akizikubali, mniache na shamba langu mpaka nife, na hivyo vyuma vyenu mviondoe." Baba mkubwa akamshika mkono kukubali. Baba naye akamshika. Jambo lilikuwa limewekwa wazi hata kwa mtoto.

Basi tukaanza kumngoja kijana wa kiwandani, na kungoja huko ndiko kulikotuvuruga. Kila pikipiki iliyopita barabarani tulitoka nje. Baba alikuwa akipanda juu ya kichuguu kando ya choo kutafuta mtandao wa simu, anashuka, anapanda tena. Baba mkubwa alipima shamba kwa hatua zake mwenyewe, huku akihesabu kimyakimya, akisahau namba na kuanza upya. Mama alifagia ua mara tatu kwa siku, na upepo uliurudishia vumbi mara nne. Babu peke yake alionekana kutulia, ingawa mkono uliokuwa ukigusa nguzo sasa ulikuwa unazigonga. Mimi nilikwenda mstari hadi mstari nikizitazama zabibu, na kadiri nilivyozitazama ndivyo roho ilivyoniruka. Zilikuwa ndogo. Majani yalikuwa yameanza kulegea na kujikunja pembeni. Ardhi chini yake ilikuwa imepasuka. Nilimuuliza babu kwa nini hazimwagiliwi, na yeye akanijibu kwa kifupi, kama alivyojibu kila kitu, "Maji nimeyafunga. Acha zikae na kiu." Nikadhani anabana maji. Nyumbani mjini mama alikuwa akitugombeza kila siku juu ya bili, na kwa akili yangu mtu mzima alifunga maji kwa sababu moja tu.

Siku ya nne ya likizo ukatokea msiba katika ukoo, upande wa Bahi. Babu, baba na baba mkubwa wakaondoka asubuhi kwa pikapu, wakasema watalala huko siku mbili. Mama akabaki na sisi. Nilisimama kati ya mizabibu na kopo langu mkononi, nikaona kama nimeachiwa mgonjwa. Pembeni mwa shamba, juu ya mawe, kulikuwa na tanki jeusi la maji lililojazwa na bomba la kijiji siku maji yalipotoka, na chini yake umekunjwa mpira mrefu ambao babu aliutumia kumwagilia. Kufungua koki lilikuwa jambo rahisi. Meshaki, aliyekuwa na miaka saba na woga wa kutosha watu wawili, alinishika gauni.

"Dada Seche, babu amesema maji yamefungwa."

"Amefunga kwa sababu ya bili," nikamwambia. "Tukizinywesha zitakuwa kubwa, na yule kijana akija atazikubali. Unataka babu ang'olewe shamba?"

Hakutaka. Akashika ncha ya mpira. Siku mbili nzima, kila mama alipokwenda kisimani kufua au alipolala mchana, tulivuta mpira ule mstari kwa mstari, tukaacha maji yajae kwenye mashina mpaka yakaanza kutiririka. Nilifanya kazi kuliko nilivyowahi kufanya kazi yoyote nyumbani. Matope yalinifika kwenye magoti, nikayaosha kwa mpira kabla mama hajatokea, ndala yangu moja ikanaswa ikapotea, na sikujali. Jioni ya siku ya pili majani yalikuwa yamesimama. Punje zilikuwa zimevimba, zinang'aa, ngozi imekaza. Nilimshika Meshaki tukacheza hapo katikati ya shamba, nikamwambia kuwa tumemwokoa babu, na nilijiona mtu mkubwa mno kuzidi kina baba waliokwenda msibani kukaa kwenye viti.

Walirudi kesho yake asubuhi. Babu hakuingia hata ndani, alipitiliza shambani. Nilimfuata na kopo langu nikitarajia kusifiwa bila yeye kujua ni nani wa kusifiwa. Nilimkuta ameinama, anapitisha jembe juujuu kati ya mistari, akivunja tope lililokwisha anza kukauka na kulisawazisha, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wakati wa mavuno hakuna mtu anayelima kwenye mizabibu, hilo nililijua hata mimi, lakini sikuuliza. Nyuki walikuwa wengi kuliko siku zote. Baadhi ya punje zilikuwa zimepasuka na kuvuja, na wao walikuwa wamezizonga. Babu alinyoosha mgongo akanitazama kwa muda, kisha akaingiza mkono mfukoni mwa koti lake akatoa ndala yangu. Alikuwa ameifuta matope.

"Kiatu chako kilikuwa njiani," akasema.

Nikakipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikakimbia kuwinga ndege. Ningekuwa na akili ningejua siku hiyohiyo. Ndala haikuwa njiani. Ilikuwa imezama kwenye tope la mstari wa sita, na aliyeikuta hapo alikuwa ameona pia nyayo zetu, kubwa kidogo na ndogo, kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho wake.

Mchana ule babu aliomba jambo ambalo sikuwahi kumsikia akiomba. Aliwaambia wanawe wampigie simu kijana wa kiwandani asogeze safari yake mbele wiki mbili. Baba mkubwa akauliza sababu. Babu akasema zabibu bado. Baba mkubwa akatoka, akachuma kichala, akarudi nacho kimejaa na kung'aa, akakiweka mezani. "Hizi ndizo bado, baba? Mbona hazijawahi kuwa nene hivi?" Babu akarudia kuwa bado. Baba, aliyekuwa na siku mbili tu za ruhusa zilizobaki, akasema kwa upole kwamba tarehe ilikwisha pangwa na kiwanda hakitumi gari kwa kumfuata mkulima mmoja. Walitazamana, baba na kaka yake, na hata mimi niliuelewa mtazamo ule: walidhani mzee anaogopa, anatafuta njia ya kukwepa neno lake. Babu alikwenda kukaa kwenye kizingiti cha nyumba, mara akasimama, mara akakaa tena, na mama akamletea uji ambao hakuunywa.

Kijana wa kiwandani alifika kesho yake kabla ya jua kukolea. Alikuwa mpole, kofia kichwani, akampa babu shikamoo kwa kuinama vizuri. Alizunguka shamba lote akichuma punje moja hapa na moja pale na kuzitia kwenye mfuko mdogo. Kisha akazikamua, akadondosha tone moja la maji yake kwenye kipimo chake, kijibomba kifupi kama cha kuchungulia, akakielekeza kwenye mwanga na kufumba jicho moja. Akakifuta. Akadondosha tone jingine. Nilikuwa nimemshika Meshaki mkono, nikimminya kwa furaha, nikingoja aseme hajawahi kuona zabibu nene namna hii.

"Mzee, sukari imeshuka sana," akasema. "Zabibu hizi zimekunywa maji. Mvinyo wake utakuwa mwepesi, na hizi zilizopasuka zitaoza kabla hazijafika. Zilimwagiliwa lini?"

"Hazimwagiliwi," baba mkubwa akadakia. "Mzee alifunga maji zamani. Huwezi kumwagilia wakati wa kuvuna, kila mtu anajua."

Hapo ndipo nilipojua. Kila mtu alijua, isipokuwa mimi. Zabibu huachwa na kiu wiki za mwisho ili utamu ukusanyike, na mimi nilikuwa nimeufungulia koki ukaondoka wote. Nilimtazama baba, ambaye siku hizo fimbo yake ilikuwa haijui kuchelewa, nikarudi nyuma hatua moja. Babu alikuwa amesimama karibu yangu, mkono juu ya nguzo.

"Nilizimwagilia mimi," akasema.

"Wewe?" baba akauliza. "Lini, baba?"

"Kabla ya msiba. Nilisahau kwamba nilifunga maji."

Yule kijana akashughulika na kukunja mfuko wake mtupu. Baba mkubwa, ambaye tangu tulipofika alikuwa mkali, sauti yake ikawa laini ghafla, na ulaini ule ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Haya, baba, hamna shida. Twende ukapumzike." Akamshika babu kiwiko, kama anavyoshikwa mtu anayeweza kuanguka. Babu akakubali kushikwa. Nami nilisimama palepale na kopo langu, nikijua kwamba kauli moja tu kutoka kwangu ingemrudishia heshima yake, na sikuitoa. Niliogopa fimbo. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya kuwapa.

Walianza kung'oa siku iliyofuata. Baba mwenyewe ndiye aliyeshika sururu, kwa sababu ruhusa yake ilikuwa inakwisha na alitaka kazi iwe imeanza kabla hatujaondoka. Mizizi ya mizabibu mikongwe haikubali kirahisi. Alipiga, akavuta, akatokwa na jasho, akapiga tena, na kila shina lililoachia lilitoa mlio mkavu niliousikia hadi jikoni. Vichala vyenye maji vilitupwa kwa mbuzi, nao wakala wakashiba wakaviacha. Babu hakukataa wala hakujificha. Alichukua koleo, akawa anafungua waya kutoka kwenye nguzo moja hadi nyingine na kuukunja taratibu katika duara, akiutoa kutu kwa kidole, akisema utamfaa jirani. Tuliporudi mjini tulirudi naye, amekaa mbele kwenye pikapu, koti lake juu ya magoti. Hakugeuka nyuma. Mimi nilikuwa nyuma juu ya magodoro, na niligeuka mpaka shingo ikauma.

Aliishi nasi Nkuhungu miaka mitano, na katika miaka hiyo alitendewa kwa wema mkubwa kama mtu asiye na akili zake. Mama alikuwa akimficha viberiti. Baba alimwandikia namba ya simu kwenye kipande cha karatasi na kumshonea ndani ya koti, asije akapotea. Akienda dukani alifuatwa. Akisimulia jambo la zamani, watu walitazamana kuuliza kwa macho kama ni kweli. Na ikazaliwa kauli ya ukoo mzima: mtu akisahau ufunguo, akitia chumvi mara mbili kwenye mboga, waliangua kicheko wakasema anamwagilia zabibu. Harusini, kwenye ubatizo, kwenye misiba, ilisemwa mbele yake, naye alitabasamu. Mimi nilikuwa natoka nje. Mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na minne, tukiwa wawili uani tunamenya karanga, nilijikaza nikaanza: "Babu, zile zabibu..." Nikashindwa kuendelea. Yeye hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Ulidhani zina kiu," akasema, akapuliza maganda, akaendelea kumenya. Nililia pale kwa kelele, na mama alipotoka kuuliza kulikoni, babu akamwambia ni ganda limeniingia jichoni. Alifariki mwaka uliofuata, na mzigo ule nikaubakiza, kwa sababu wa kumtetea alikuwa ameondoka na kunyamaza kulikuwa kumekwisha kuwa mazoea yangu.

Siku hizi nikipita kule ng'ambo ya Ihumwa siwezi hata kuonyesha mistari ya mizabibu ilipopita. Nyumba nne za baba mkubwa zimejengwa, zina mageti ya chuma na wapangaji wa ofisi za serikali wanaotoka alfajiri na magari na kurudi jioni. Mbele yake kuna barabara ya lami, duka la dawa, kijana anayeosha pikipiki kwa mashine ya maji yenye nguvu, na maji yanamwagika pale kutwa bila mtu kuyatazama. Likizo za mwezi wa tisa zipo bado, lakini wanangu huzimalizia sebuleni na simu. Nikiwaambia kwamba mimi likizo nilikuwa nawinga ndege kwa kopo, wananiuliza nililipwa nini. Meshaki, ambaye sasa ni fundi umeme Mwanza, nilipomuuliza kama anakumbuka mpira na tope, alisema anakumbuka mbuzi tu. Sikujua kama nimwonee wivu au nimkasirikie. Nilifanya vyote viwili.

Baba amestaafu. Mwaka huu ameanza kusahau vitu vidogo: miwani, siku ya juma, jina la jirani. Ni vitu ambavyo mtu wa umri wake husahau, lakini yeye havichukulii hivyo. Hatulii. Anakagua jiko la gesi mara tatu kabla ya kutoka, ananiuliza kama ameniuliza. Mwezi uliopita nilimkuta uani amekaa na karatasi mkononi, ameandika majina ya watoto na wajukuu wake wote ili asome kila asubuhi.

"Nipeleke hospitali nikapimwe kichwa," akaniambia. "Hii ni ya ukoo. Babu yako ilimwanza hivihivi, mpaka akamwagilia zabibu wakati wa kuvuna. Naogopa, Seche. Nilimwona alivyokuwa."

Sijawahi kumsikia baba akisema anaogopa. Nilikaa chini, kwenye sakafu, karibu na miguu yake, nikamweleza yote, kuanzia koki ya tanki hadi ndala, na neno la babu siku ya karanga. Nilimwambia kwamba babu hakusahau kitu chochote hata siku moja, kwamba hakuna ugonjwa wa kurithi, kwamba aliyemwagilia nilikuwa mimi. Nilitegemea mambo mawili: anikasirikie, halafu apumue. Hakukasirika. Uso wake ulifunguka kwanza, niliuona ukifunguka, woga ule ukamtoka. Kisha ukabadilika tena, polepole, akaitazama mikono yake.

"Alikuwa mzima," akasema. "Alikuwa mzima, nami nilimng'olea mizabibu mbele ya macho yake. Nilimshonea namba ya simu kwenye koti."

"Hukujua, baba. Hakuna aliyejua."

Watoto wa jirani walikuwa wanapiga kelele nje ya geti, na bodaboda ikapita na muziki wake. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kama katika miaka ile yote, nilipokuwa peke yangu na babu, babu aliwahi kulalamika juu yake. Ningeweza kumpa jibu lolote, na angeliamini. Nikamwambia ukweli, kwamba hakulalamika hata mara moja, na baba yangu akafunika uso kwa karatasi ile ya majina akalia.